Dakika Kumi za Sponji

Kwa miaka minne nilikuwa naamka, nachemsha maji, nampaka mume wangu uso, halafu ndiyo siku inaanza.

Si uso wote. Ni upande mmoja tu, wa kulia: baka jeupe lililoanzia kwenye kona ya mdomo, likapanda shavuni, likageuka kidogo kuelekea sikioni na kuishia hapo, kama maziwa yaliyomwagika mezani yakakosa pa kwenda. Mbalanga. Ilimwanza akiwa na miaka kumi na minne, ikatembea mwaka mmoja na nusu, kisha ikatulia na haikuongezeka tena hata upana wa kucha.

Alikuwa anakaa dirishani, kwenye kile kigoda chetu cha jikoni, nami nasimama mbele yake. Rangi nilichanganyia kwenye mgongo wa mkono wangu wa kushoto: kahawia ya kawaida, kahawia iliyokolea, na chembe ya nyekundu ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, kwa sababu ngozi yake ina wekundu wa ndani ambao watu wengi hawauoni. Mimi nauona. Kisha nashika sponji, nagonga-gonga taratibu kutoka pembeni kuja katikati, mpaka baka linapotea na anabaki mwanaume mwenye mashavu mawili yanayofanana. Dakika kumi. Muda wote huo hasemi, maana akisema rangi inapasuka kwenye kona ya mdomo. Zilikuwa ndizo dakika kumi pekee za kutwa nzima ambazo mume wangu alinyamaza.

Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari. Wanafunzi wake wamembandika jina, Breki, kwa kuwa ndilo neno analolisema kuliko yote, na linalofuata ni "macho mbele". Mimi namwita Baba Pipi, kwa ajili ya binti yetu wa miaka mitatu, ambaye tulianza kumwita Pipi akiwa mchanga na jina likamganda.

Nilimpata dukani. Nauza vipodozi, na kazi yangu hasa ni kuchanganyia wateja krimu ya kufanana na ngozi zao. Siku hiyo aliingia, akasimama mbele ya kioo cha kaunta, akauliza, "Dada, mna rangi ya mtu kama mimi, au mnipake chokaa upande wa pili zilingane?" Nilicheka mpaka bosi akanitolea jicho. Nikamchanganyia. Kwa hiyo naweza kusema kwamba rangi ya mume wangu niliipata kabla ya kumpata yeye.

Bosi wetu ana sheria moja kubwa kuliko zote: usimguse mteja usoni kwa kidole. Tumia sponji, tumia brashi, tumia pamba, lakini kidole chako kaa nacho. Kidole kina jasho, kina mafuta, na mteja hajui kimetoka wapi. Nimeishika sheria hiyo mpaka imekuwa mwili wangu. Naieleza mapema kwa sababu baadaye nitataka kujitetea kwayo, na nimekwisha kuona kwamba hainitetei sana.

*

Mambo yalianza kwa mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, somo lake la tatu. Siku hiyo joto lilikuwa kali, gari halina kiyoyozi, na jasho likaiyeyusha rangi kwenye shavu lile lililo upande wa dereva. Yule mama akatupa jicho mara moja, akatupa mara ya pili, mara ya tatu akasahau kulirudisha. Gari likapanda ukingo wa barabara, likaangusha pipa la taka na kwenda kutulia kwenye ukuta wa duka la vyombo.

Mwezi mzima mume wangu alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwa kuigiza, pipa likibingirika na muuza vyombo akitoka na sufuria kichwani. Wifi yangu, dada yake anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anaomba irudiwe kama watoto wanavyoomba. Halafu siku moja akaisimulia, na alipofika kwenye pipa, hakucheka. Kesho yake akaniwekea barua mezani. Ilikuwa ya hospitali.

Ilieleza kwamba baka lake linafaa kupandikizwa ngozi. Daktari alimwambia aina yake ndiyo inayokubali vizuri: ya upande mmoja, iliyolala miaka mingi. Ile inayotembea bado haipandikizwi, kwa kuwa itaila na ngozi mpya pia. Wangempiga sindano ya ganzi, wakaparua juu-juu ile sehemu nyeupe, kisha wachukue ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu kutoka kwenye paja lake mwenyewe, waikate vipande na kuvilaza shavuni kimoja kando ya kingine, kama mtu anayepanga vigae.

"Umeenda lini?" nikamuuliza.

"Wiki iliyopita."

"Peke yako?"

"Nilikuwa napita tu."

Hospitali ile haiko njiani kwenda popote anapokwenda. Nilimwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi kweli. Lakini chini ya ile furaha kulikuwa na kitu kidogo kimekaa, kinaniangalia, na kuniuliza: na wewe sasa asubuhi utafanya nini?

Siku ya kwenda kupimwa mara ya pili tulikwenda wote watatu. Asubuhi nilimpaka kama kawaida, tena kwa uangalifu zaidi, nikasema asije akaenda mbele za watu na uso uliopakwa ovyo. Alikaa kwenye kigoda, akanyamaza, akanipa shavu.

Chumbani tulimkuta sista, muuguzi wa kitengo cha ngozi, mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye sauti ya kupasuka-pasuka kama mtu aliyetoka kucheka dakika moja iliyopita. Akamtazama, akaangalia kadi, akamtazama tena.

"Baba, si nilikuambia uje uso mtupu? Tunatakiwa tuchore mpaka."

Mume wangu akaangalia sakafu. Mimi nikamwangalia yeye. Alijua anakwenda kuoshwa, na alikaa dakika kumi chini ya sponji yangu bila kusema neno.

"Nani kakupaka?"

"Mke wangu."

"Hee, mama, wewe ni fundi," sista akaniambia, na alikuwa anamaanisha. Kisha akachukua pamba iliyolowa, akapitisha mara tatu, na kazi yangu yote ikaingia kwenye ndoo ya taka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza, tangu siku ile ya dukani, kuona baka lile mbele ya mtu baki. Nilitaka kusimama katikati yao, kama unavyomkinga mtu anayevua nguo. Lakini sista aliliangalia bila haraka, akasema, "Naomba nishike kidogo," akavua glavu, akaweka kidole chake na kukipitisha kwenye ukingo wa lile jeupe kuanzia sikioni hadi kwenye kona ya mdomo.

Mume wangu akafumba macho.

Ningependa kuandika kwamba niliona mgonjwa na muuguzi. Niliona mume wangu amefumba macho.

*

Alifanyiwa siku ya Jumatatu. Alirudi nyumbani na plasta na shashi kuanzia sikioni hadi kidevuni, bandeji nyingine kwenye paja, na karatasi ya masharti. Siku saba asiseme, asicheke, asitafune. Kile kipande cha kwenye kona ya mdomo ndicho kilichomtia daktari wasiwasi: pale hapatulii, ngozi hujivuta kila mtu anapotamka neno, na kipande kikiteleza kabla hakijashika, basi. Chakula chake kilikuwa supu na maziwa kwa mrija. Siku ya tatu na ya tano angekwenda kukaguliwa paja. Siku ya saba usoni pangefunguliwa.

"Wifi, umepata bahati," wifi yangu akasema alipokuja kumwona. "Mwanaume hasemi, hatafuni, na bado mshahara wake unaingia. Wenzako tunaomba usiku na mchana."

Mume wangu akanyoosha kidole kumwonya asimchekeshe.

"Sikuchekeshi, namwambia mkeo ukweli. Hivi hawawezi kumfunga na yule wa kwangu?"

Nilimpa daftari aandikie. Nasoma masomo ya jioni, nina madaftari manne ya jalada moja, bluu, nikachukua moja jipya nikampa na kalamu. Nilidhani tutaandikiana. Nilijiona nimekaa karibu yake, ananiandikia mambo ambayo mdomo wake wa haraka haujawahi kuyafikia. Hiyo ndiyo ilikuwa tamaa yangu, na sioni haya kuisema.

Siku ya kwanza aliandika: *Maji.*

Siku ya pili: *Chumvi imezidi. Redio ipunguzwe. Pipi kalala?*

Siku ya tatu alikwenda kukaguliwa paja. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje na Pipi mapajani, maana ndani anaingia mgonjwa tu. Kati yangu na wao kulikuwa na pazia la kijani. Nilisikia sista anaongea, kisha kimya, kisha anacheka, kisha kimya kirefu zaidi, na katika kile kimya nikasikia kalamu. Kalamu haina kelele, najua. Lakini niliisikia.

Alitoka macho yake yanang'aa kwa kicheko alichokizuia.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikamuuliza njiani.

Akasimama, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika: *Paja.*

"Paja lina hadithi ndefu hivyo?"

Akainua mabega.

Nikawaza paja la mume wangu. Nikawaza mikono ya sista. Niliwaza mpaka tulipofika nyumbani nikakuta nimemnunulia Pipi ndizi mbili mbovu bila kuziangalia. Jioni, nikimpa supu, nikamwomba aniandikie kitu, chochote, si lazima kiwe cha maana. Akafikiri. Akaandika: *Supu nzuri.* Nikasema asante. Nikaenda nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku ya tano sikumsindikiza. Nilimwambia dukani kuna mzigo mpya. Mzigo ulikuwepo kweli, lakini ungeweza kunisubiri. Nilichanganya krimu ya bibi harusi mmoja nikaikosea mara mbili, jambo ambalo halijawahi kunitokea, na bosi akaniuliza kama naumwa.

*

Jioni hiyo nilikuwa na darasa. Tuko kumi na mmoja, wengi wetu tumetoka kazini moja kwa moja, na mwalimu wetu ni mstaafu mpole anayetuita "wasomi wangu" bila kejeli. Alikuwa ametupa zoezi: eleza kitu unachokifanya kila siku, hatua kwa hatua, mpaka asiyekijua aweze kukifanya. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Kichwa chake: "Jinsi ya Kumpaka Mtu Uso". Nilikuwa nimeeleza mgongo wa mkono, chembe ya nyekundu, kugonga kutoka pembeni. Nilijua ni zoezi zuri. Nilikuwa nimelisoma mara nne.

"Mama Pipi, leo tuanze na wewe," mwalimu akasema.

Nikasimama, nikafungua daftari la bluu, nikaona neno moja katikati ya ukurasa. *Maji.*

Nilikuwa nimebeba la mume wangu.

Ningelifunga. Lakini mkono ulishaanza kufunua, na baada ya chumvi na redio zikaja kurasa zilizojaa, mistari mirefu, mwandiko umelala kwa haraka. Haya yalikuwa majibu yake: sista akisema kwa mdomo, mume wangu akijibu kwa kalamu.

*Ni mke wangu. Kila asubuhi, miaka minne.*

*Ni fundi, hakuna wa kumshinda.*

*Hapana, kwa mkono hajawahi. Sponji tu.*

*Hata akinibusu ni shavu la upande wa pili.*

*Labda anaona kinyaa na hajijui. Sitaki kumuuliza, nikiuliza nitajua.*

*Siku ile uliponishika ulikuwa mtu wa kwanza tangu marehemu mama.*

*Usinichekeshe, Sista, kipande kitahama.*

"Mama Pipi?"

"Nimesahau daftari, mwalimu."

"Na hilo mkononi?"

"Hili la mume wangu."

Darasa likacheka, kicheko kizuri tu cha watu waliochoka. Fundi bomba anayekaa nyuma yangu akasema, "Tusomee hilohilo, mama, pengine lina mambo." Wakacheka tena. Nikakaa.

Nataka kusema sawasawa nilichokiona kwenye kifua changu wakati ule, kwa sababu baadaye watu waliniambia bila shaka niliona huruma. Huruma ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa wivu, mbichi kabisa. Yeye alipewa kurasa. Mimi nilipewa chumvi. Mwanamke aliyemjua wiki tatu alikuwa amekabidhiwa jambo zito kuliko yote katika nyumba yangu, na lilihusu mimi, na mimi ndiye sikuambiwa. Kama wangekuwa wameandikiana maneno ya mapenzi ningejua pa kuanzia. Ningemwita wifi, tungepanga mikakati. Lakini hili la kwao lilikuwa kweli. Ningegombana nalo vipi?

Nilipofika nyumbani Pipi alikuwa anakula, wifi yangu anavaa viatu vyake aondoke. Nikarudisha daftari mezani. Mume wangu akaliona, akaniona, akalichukua polepole. Sikusema kitu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa wawili tusiosema.

*

Asubuhi ya siku ya sita aliamka, akavaa shati, akaenda akakaa kwenye kigoda cha dirishani. Nadhani ni miguu tu iliyompeleka. Hakukuwa na cha kupaka, kulikuwa na shashi na plasta. Lakini alikaa, akanigeuzia shavu lile lile, na nikasimama mbele yake pale ninaposimama siku zote, mikono mitupu.

Nikamwekea daftari magotini, limefunguliwa.

Akasoma maneno yake mwenyewe. Akapapasa mfukoni kutafuta kalamu.

"Kalamu ninayo mimi," nikamwambia, "na sikupi. Kalamu ni ya Sista. Mimi ni mkeo, mimi nataka mdomo."

Akatikisa kichwa. Akaonyesha plasta, akainua kidole kimoja: kesho.

"Kesho utafungua mdomo mbele yake. Neno la kwanza litakuwa lake tena. Nataka leo."

Nilijua. Naliandika hili wazi ili asiwepo wa kuniombea udhuru. Karatasi ya masharti ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na mimi ndiye niliyeibandika, na neno *asiseme* lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu ile ile niliyoificha nyuma yangu. Nilijua, na nikauliza.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alinitazama muda mrefu. Kwenye macho yake niliona anapima, kama anavyopima pale mwanafunzi anapokaribia makutano na mguu wake wa breki unasubiri. Kisha akasema.

"Niliogopa utaacha."

Sauti yake ilikuwa imelala siku tano, ikatoka na kutu. "Nilidhani ukijua naichukia sponji, utaacha yote. Na ni hizo dakika kumi tu unaniangalia."

Nikaiona shashi inacheza kwenye kona ya mdomo. Ikavutika, ikarudi, na pembeni ya plasta kikachungulia kitone cha maji mekundu mepesi.

"Nyamaza," nikasema. "Basi, nyamaza, nyamaza," na nikajikuta nimemshika usoni kwa viganja vyote viwili, juu ya bandeji, kama anayezuia kitu kisimwagike. Hapo nilikuwa nalia. Yeye alikuwa ananyamaza kwa nguvu zake zote.

Mlangoni Pipi alikuwa amesimama na nywele zake za usingizi.

"Baba kasema," akasema.

"Hajasema, mama."

"Kasema. Nimesikia."

Alitangaza habari hiyo kutwa nzima. Alimwambia shangazi yake, alimwambia muuza mkaa, alimwambia paka. Wifi yangu akanivuta pembeni jikoni. "Kasema nini?" Nikamwambia. Alikaa kimya, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kuzimia. Kisha akasema, "Na mimi dada yake, wifi, sijamgusa pale. Tulikuwa tunaogopa kuambukizwa, wajinga sisi, mpaka tukawa wakubwa tukajua, na kufikia hapo tukawa tumezoea kutogusa." Akachukua mfuko wake akaondoka bila kutania.

*

Siku ya saba waliniruhusu kuingia. Daktari alifungua akaangalia, akapiga kidole kwenye vipande kimoja kimoja, akasema vizuri, vizuri, hiki kimeshika, hiki kimeshika. Alipofika kwenye kona ya mdomo akanyamaza. Kipande cha mwisho kilikuwa kimeteleza na kujikunja kama ganda la karanga. Chini yake palikuwa pamelowa, pekundu, pasipo na kitu.

Daktari akaandika kwenye kadi, akaitwa chumba cha pili. Sista akabaki.

"Baba, ulicheka?" Sauti yake safari hii haikuwa na kicheko ndani. "Au ulitafuna kitu?"

"Nilipiga miayo," mume wangu akasema.

"Miayo."

"Mikubwa. Usingizini."

Kwa dakika moja nilikaa ndani ya uongo ule kama mtu aliyefunikwa blanketi. Alikuwa anamdanganya yeye kwa ajili yangu. Siku zote zile nilikuwa nataka kitu ambacho ni changu na si cha sista, na hicho hapo, nimepewa. Na Pipi, ambaye kwa maajabu alikuwa anashughulika na kamba ya kiatu changu, hakusema lolote.

Nikaangalia ile kona. Aliyepoteza alikuwa yeye, na bado ndiye aliyekuwa akigombezwa.

"Hakupiga miayo," nikasema. "Mimi nilimsemesha. Alikataa, nikamlazimisha."

Sista akanigeukia. Nilingoja maneno, na nilistahili yote.

"Alisema nini?" akauliza.

"Hilo ni letu."

Akanitazama kidogo, akaangalia lile daftari la bluu lililokunjwa kwenye mfuko wa shati la mume wangu, na nadhani akaelewa zaidi ya nilivyotaka. Mdomo wake ukajikunja kidogo upande mmoja. "Basi, kama ni lenu," akasema, na akaendelea kusafisha. Alipomaliza akaniita karibu, akanionyesha namna ya kulowesha shashi, namna ya kuibandua isivute. "Utafanya wewe nyumbani. Mikono uoshe kwa sabuni, ukaushe, glavu si lazima."

Nilimchukia kidogo tena kwa kuwa mwema.

*

Sasa ni mwezi wa tano tangu apandikizwe. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, anakwenda kukaa mbele ya taa ya dawa inayoiamsha rangi, na Jumanne na Ijumaa mimi bado napika huku nimenuna. Ameniambia sista ana mchumba. Nikamwambia sikuuliza.

Rangi imekuja. Mwanzoni vipande vilichubuka, vikafifia, nikadhani vimekufa. Halafu wiki ya sita vikaanza kuiva kimoja baada ya kingine, vikasambaa kwenye kingo mpaka vikashikana mikono. Shavu limejaa. Watu wanamsimamisha barabarani kumpongeza. Mwanafunzi mmoja wa kike alimwambia, "Mwalimu, umependeza," mume wangu akaja akanisimulia mwenyewe, nikakosa usingizi.

Ila nina la kusema kama fundi. Ngozi ya paja imekolea kuliko ya uso, na ule wekundu wa ndani haumo. Mtu mwingine haoni. Mimi naona kila mshono. Daktari anasema itafifia yenyewe na kufanana na jirani zake. Huenda. Lakini kama wangeniuliza mimi rangi, ningewaambia.

Na pale kwenye kona pamebaki peupe, padogo, kama punje ya mahindi. Daktari amesema baada ya muda anaweza kurudia kipande hicho kimoja tu. Barua ya tarehe ipo juu ya kabati. Mume wangu hajasema ndiyo wala hapana.

Leo asubuhi alikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya rangi mgongoni mwa mkono, tone moja, la kutosha punje ya mahindi, na sponji iko tayari. Kukapambazuka vizuri, mwanga ukamwingia usoni. Nikaangalia sponji. Nikakumbuka sheria ya bosi, na nikakumbuka pia kwamba huyu hajawa mteja wangu tangu siku alipolipia kopo lake la kwanza.

Nikaufuta mkono kwa kanga. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha. Nikaweka kidole gumba pale.

Palikuwa na joto. Palikuwa laini, pana unyevu kidogo wa chai, ngozi kama ngozi. Nilipitisha kidole ukingoni, pole pole, kutoka kwenye kahawia kuingia kwenye nyeupe na kutoka tena, na sikusikia mahali popote panapobadilika. Nikaona amefumba macho.

"Macho mbele," nikamwambia.

Akafumbua. Midomo ikaanza kutetemeka kwa kicheko, akavuta pumzi aseme kitu.

Nikamwambia anyamaze, dakika kumi hazijaisha.